Kinywaji cha Asili cha Ndizi

Mama mkwe wangu hupima mbege kwa sikio. Huinama juu ya ndoo, husogeza kidogo jani la mgomba lililofunika mdomo wake, hutega sikio kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani, kisha hutoa hukumu. "Bado inasema." Mbege inayosema haijatulia, ukinyamaza nawe utasikia vipovu vyake vikipasuka kimoja kimoja. Na mbege inayosema haifungwi. Hiyo ndiyo sheria aliyonipa mwaka nilioolewa Masama. Hakunieleza sababu, nami sikuuliza, maana bibi arusi mpya hana maswali mengi mbele ya mama mkwe.

Kwa asiyeijua, mbege ni pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu huchemshwa mpaka ziwe nyekundu, huachwa siku kadhaa, huchujwa, halafu maji yake huchanganywa na uji wa ulezi ulioota. Siku ile ya kuchanganya ni tamu, hata mtoto anapewa kikombe. Kesho yake imeanza ukali. Keshokutwa ni ya watu wazima, na baada ya hapo ni ya wasiojipenda. Haiwekwi ikakaa. Mnywaji huifuata ilipo, siku yake, akaipokea kwenye kata. Yote hayo niliyajua. Nayasema mapema ili mtu asije akanihurumia huko mbele akidhani sikujua.

Tulihamia Moshi mjini mume wangu alipopata kazi ya kuongoza wageni mlimani. Kazi ile ina msimu, na msimu ukiisha nyumba yetu huwa na wanaume wawili, yeye na wasiwasi wake. Nikaanza kupika mbege nyuma ya chumba tulichopanga mtaa wa Pasua, ndoo mbili kwa wiki, kama nilivyofundishwa. Wateja walikuja wenyewe.

Hofu nayo ilikuja yenyewe. Nilimwogopa mama mwenye nyumba, aliyesema harufu ya ulezi itamkimbizia wapangaji. Nilimwogopa bwana wa leseni, aliyepita na daftari lake akatazama ndoo zangu, akaandika kitu, akaondoka bila kutaja siku ya kurudi. Nilimwogopa mteja anayebaki peke yake wenzake wakishaondoka, ilhali mume wangu yuko juu kwenye baridi na simu yake haishiki. Lakini kuliko wote niliwaogopa wanawake wa kanisani. Hawakunifanyia ubaya wowote. Siku moja tu, tukigawana kazi za usafi, mmoja aliniita "yule mama wa kilabu", kwa upole kabisa, ili kunitofautisha na mama mwingine. Nikaitika. Nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, nikijiuliza kwa nini nimeitika.

Ndipo ikaja semina ya wanawake wajasiriamali. Mjasiriamali: neno hilo lilinipendeza kuliko gauni jipya. Mama wa kilabu anafukuzwa, mjasiriamali anapewa chai na andazi. Mwezeshaji alikuwa kijana mtanashati wa kutoka pwani, viatu vimechongoka mbele, na alianza kwa kutusimamisha mmoja mmoja tutaje biashara zetu. Sabuni ya maji. Batiki. Unga wa lishe. Keki. Zamu ilisogea kiti kwa kiti, na kila ilipokaribia niliisikia ile sauti ya upole ya kanisani. Niliposimama mdomo ulijiendea wenyewe. Nikasema natengeneza kinywaji cha asili cha ndizi. Wakanipigia makofi.

Wakati wa chai yule kijana alinifuata. Alisema wazo langu ni zuri sana ila halina kifungashio, na biashara bila kifungashio ni kazi ya jikoni tu. Akanishauri kama anavyoshauriwa mtu wa juisi, kwa sababu juisi ndiyo aliyoisikia: chupa za kioo, vifuniko vya kuzungusha, nikaze mpaka mwisho. Adui wa bidhaa yako ni hewa, mama, akaniambia. Hakuwa mjinga wala hakunidanganya. Mimi ndiye niliyemdanganya, naye akanipa jibu sahihi la swali ambalo si langu.

Dada wa steshenari alinitengenezea lebo. Alichora mkungu wa ndizi, mlima nyuma yake, na juu maandishi ya rangi ya dhahabu: KINYWAJI CHA ASILI CHA NDIZI. Aliniuliza, yeye Mchagga wa Kibosho anayejua anachokiona, kama aongeze neno mbege kwa herufi ndogo chini. Nikamwambia nafasi haitoshi. Alinitazama kidogo, akatazama karatasi yenye nafasi tele, akaendelea na kazi yake.

Chupa chache za mwanzo ziliuzwa na kunywewa siku ileile, zikiwa bado tamu. Moja ilicheleweshwa mpaka kesho yake, na ilipofunguliwa ilitoa mlio, tss, mteja akacheka akasema ina gesi kama soda. Mimi nilifurahi. Semina ilitufundisha kuongeza thamani, nikadhani hiyo gesi ndiyo thamani yenyewe. Nikikumbuka furaha ile natamani kujizaba kofi.

Kisha akatokea mama mmoja wa ofisini, aliyeiona lebo yangu kwenye meza ya maonyesho ya wahitimu wa semina. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mkoba wa ngozi, na aliolewa Masama kama mimi. Tulipoulizana tukakuta kihamba cha mumewe, yaani shamba la ukoo, kinapakana na cha mama mkwe wangu, ua wa masale tu katikati. Binti yake alikuwa anapata Kipaimara, na sherehe ingefanyika kule nyumbani, chini ya turubai, baada ya ibada. Alitaka dazeni tatu. Zingewekwa mezani mbele ya watoto wa Kipaimara na wageni wao, wanywe kitu cha nyumbani badala ya soda za kila siku.

Alinipigia simu kuhakikisha. "Ni juisi, siyo?"

"Ni ya ndizi tupu, dada," nikamjibu, "na ulezi kidogo."

Hakuna hata neno moja la uongo hapo. Nilikuwa nimeshakuwa hodari.

Alhamisi nilichanganya. Nikachuja kwa kitambaa mara mbili ili chembe za ulezi zisionekane, nikajaza, nikakaza vifuniko mpaka viganja vikawaka moto. Chupa thelathini na sita za oda, na moja zaidi niliyoiweka juu ya kabati chumbani, niitazame. Ijumaa gari likaja kuzichukua. Mama wa ofisini aliiinua moja kwenye jua, akasema imependeza, akaniambia nami nisikose kwenye sherehe.

Jumapili saa nne asubuhi nilikuwa namsuka binti yangu wa miaka sita ili tujiandae kwenda. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya kabati, nami nyuma yake kitandani. Alikumbuka kuwa kitana amekiacha barazani, akainuka kukifuata. Alipovuka mlango tu, kitu kikalipuka.

Sikuelewa. Nilidhani ni tairi la bajaji nje, halafu nikadhani ni risasi, halafu nikahisi baridi ikitiririka shingoni, nikajishika nikiwa na hakika kwamba mkono utarudi na damu. Ulirudi na mbege. Kabati lilikuwa linachuruzika. Pazia limechanika. Na kwenye kimto cha kigoda, palepale alipokuwa amekaa mwanangu, kipande cha kioo kirefu kama kidole kilikuwa kimechoma na kusimama wima. Yeye alirudi na kitana mkononi, akaniuliza nimevunja nini.

Nilimkumbatia mpaka akalalamika kwamba namuumiza. Na nikiwa bado nimemshika, akili ikaenda yenyewe kule ilikokuwa haitaki kwenda. Thelathini na sita. Mezani. Mbele ya nyuso za watoto.

Nilimpigia mama wa ofisini. Simu imezimwa, yuko ibadani. Nilipiga tena nikijua imezimwa. Mume wangu alikuwa siku ya tatu mlimani. Mama mkwe ana simu, aliyonunuliwa na mwanawe, lakini ameifungia kwenye kabati lake la vioo sebuleni isiharibike, kama anavyofungia kila kitu kizuri anachopewa. Nikamkabidhi binti yangu kwa jirani, nikatoka na gauni lilelile lililolowa, nikasimamisha bodaboda.

Dereva aliniuliza haraka ya nini. Nikamwambia msiba. Akanipa pole, akakaza mwendo.

Sijawahi kuogopa vile, na natumaini sitaogopa vile tena. Barabara ya Arusha ilikuwa nyeupe kwa jua, na kila nilipohisi jua mgongoni nilizifikiria zile chupa chini ya turubai, maana joto ndilo linaloichochea mbege. Niliona jicho la mtoto. Sikumwona mtoto mzima, niliona jicho tu, na gauni jeupe la Kipaimara. Niliona polisi, nikamwona yule bwana wa leseni akifungua daftari lake, akisema alijua. Nikaona aibu kwamba katikati ya jicho la mtoto nawaza leseni. Kisha nikaanza kutunga maneno ya kusema nitakapofika. Kumetokea hitilafu kidogo. Zimepata joto njiani. Tuziweke kando kwa leo, dada, nitaleta nyingine. Niliyapanga na kuyapangua maneno hayo kuanzia Weruweru hadi Kwasadala, na nilikuwa nimefika mbali ndipo nikagundua kwamba hata sasa, na kioo kimesimama kwenye kiti cha mwanangu, bado natafuta njia ya kutolitaja lile neno.

Kutoka Kwasadala njia inapanda. Hewa ikapoa, migomba ikasogea pande zote mbili, na juu mlima ulikuwa wazi. Huko mume wangu alikuwa anawaambia wageni wake waende pole pole.

Nilisikia muziki kabla ya kuona turubai, halafu muziki ukazimwa. Nilipoingia kwenye uwanja nilielewa kwa nini. Watu wote walikuwa wamesimama, vichwa vimeinama, macho yamefumbwa. Mchungaji alikuwa anaombea chakula.

Meza kuu ilikuwa na watoto saba, wasichana kwa wavulana, wamevaa nyeupe. Mbele ya kila mmoja palikuwa na chupa yangu, lebo imegeuzwa iangalie wageni, na mrija wa rangi umelazwa kando. Jua lilikuwa limepenya pembeni mwa turubai likaziangukia chupa tatu za mwisho. Kwa jinsi walivyoinama kuomba, nyuso zao zilikuwa shubiri mbili tu kutoka kwenye vifuniko.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia hata mume wangu. Nilisimama. Nilikuwa nimefika, nina sauti, nina miguu, na nilisimama nyuma ya wale watu nikasubiri sala iishe. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa walimu, kwa waliosafiri kutoka Dar es Salaam. Nilijiambia ni heshima, sala haikatizwi. Haikuwa heshima. Niliogopa kuitwa mama wa kilabu mbele ya watu mia mbili, na hofu hiyo, kwa muda ule wa wasafiri wa Dar es Salaam, ilikuwa kubwa kuliko hofu ya vioo. Sijui ni muda gani. Najua kwamba msichana wa mwisho, yule aliyeangukiwa na jua, alifumbua jicho moja kwa utundu wa watoto kwenye sala ndefu, akaona mrija, akanyoosha mkono kwenye chupa.

"Samahani, mchungaji," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Msiziguse hizo chupa. Ni mbege."

Macho yote yakafumbuka. Mchungaji akabaki na mikono juu. Mama wa ofisini alinigeukia na uso wa mtu anayetafuta jina la mtu aliyemsahau. Vijana wa mjini walianza kucheka chini chini, maana kwao jambo lilikuwa pombe kwenye Kipaimara, kichekesho cha mwaka. Lakini nyuma, kwenye mabenchi ya wazee, hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mwenye fimbo na koti la sufu alisogea mbele hatua moja.

"Mbege imefungwa?" akauliza.

"Imefungwa, baba. Tangu Alhamisi."

Nilikuwa nimetunga maelezo ya kilomita thelathini, na hakuna aliyeyahitaji. Kila mtu pale aliyewahi kulelewa karibu na ndoo ya mbege alielewa palepale. Akina mama waliwavuta watoto kwa mabega, viti vikaanguka, mtu akamnyanyua msichana wa mwisho kiunoni kama mtoto mchanga. Wazee waliwaamuru vijana waache kucheka wakalete magunia, wayaloweshe kwenye mfereji. Na mimi nikafikiria kwamba kama neno lile lingekuwa kwenye lebo tangu mwanzo, hata yule aliyepanga meza asingezipanga. Mpishi angezirudisha. Dereva wa Ijumaa angekataa kuzipakia. Mji mzima na kijiji kizima vingenizuia, kwa kusoma tu.

Tulizifunika moja moja kwa magunia yaliyolowa, tukazibeba hadi kwenye migomba nyuma ya nyumba. Sikukubali mtu mwingine azifungue. Nilijifunga kitenge mkononi, nikageuza uso, nikalegeza vifuniko kimoja baada ya kingine, na kila chupa ilitoa povu kwa hasira ikarusha hadi kwenye majani. Ya kumi na kitu ilipasuka ndani ya gunia kabla sijaigusa. Kioo kilitokeza kwenye uzi wa gunia kikanikata kiganja, si sana. Yule mzee mwenye fimbo alikuwa amesimama nami, mbali kidogo, akizihesabu kwa sauti kwa Kichagga. Alipofika mwisho akahesabu tena.

Zilikuwa thelathini na tano.

Mama wa ofisini alikuja pale akiwa ameshavua viatu vyake vya kisigino. Hakupaza sauti. Aliniambia nimemletea pombe kwenye Kipaimara cha mwanawe, mbele ya mchungaji na wakwe zake, na kwamba alinitetea kwa wenzake ofisini waliomwonya kuhusu biashara za vyumbani. Akasema ingekuwa heri ningemwambia, angekataa tu, yangeisha. Yote yalikuwa kweli. Nilimwacha amalize, kisha nikamwuliza iko wapi moja.

Alifikiri. Hasira ikamtoka usoni, na kilichoingia badala yake sikukipenda.

"Nilimpelekea mama mkwe wako jana," akasema. "Kwa kuwa miguu haimruhusu kuja. Nilitaka aone kazi ya mkwe wake."

Nilipita kwenye ua wa masale, nikavuka mfereji, nikakimbia chini ya migomba ambayo naijua kama chumba changu, na bado nilijikwaa mara mbili. Nilikuwa namwona. Kitu kizuri amepewa, chenye dhahabu na picha ya mlima. Angekiweka wapi kama si kwenye kabati lake la vioo, katikati, usawa wa macho, akasogeza kiti chake mbele yake akae akitazama? Chupa ya kioo ndani ya kabati la kioo, na mwanamke wa miaka themanini mbele yake.

Mlango ulikuwa wazi. Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Hapakuwa na jibu, nikaingia bila kukaribishwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya katika nyumba ile.

Harufu ya mbege ilinipokea sebuleni. Kabati lilikuwa zima. Ndani yake palikuwa na vikombe vya harusi yetu, picha ya mume wangu akiwa kileleni, simu kwenye boksi lake, na rafu ya kati, juu ya kitambaa cha kufuma, duara la unyevu ukubwa wa kitako cha chupa. Chupa haikuwepo. Sakafuni palikuwa na matone yakielekea mlango wa nyuma. Nilichutama nikayagusa moja moja, nikayanusa, kama kichaa, kuhakikisha si damu.

Nilimkuta zizini. Alikuwa amekaa kwenye kigogo, mguu mbaya ameunyoosha, anamkatia ng'ombe mgomba kwa panga. Chupa yangu ilikuwa chini kando yake, haina kifuniko, mdomoni imesokotewa jani kavu la mgomba, legelege, kama mdomo wa mbege unavyotakiwa kuzibwa. Lebo ilikuwa imelowa, ikakunjamana. Ukuta wa zizi ulikuwa na michirizi ya povu mpaka karibu na bati.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mbona unahema?"

Aliendelea kukata. Akanieleza, kama anayesimulia habari za jirani, kwamba jana aliletewa zawadi, akaambiwa ni juisi kutoka kwa mkwe wake, akaiweka kabatini kwa sababu ya picha. Asubuhi akiwa anafuta vumbi aliisikia inasema humo ndani, ikivuja kidogo kifunikoni. Akajiambia juisi haisemi. Akaitoa hadi huku nje, akaifunika kwa khanga, akaifungua, ikaruka juu ikamtisha ng'ombe. Ndipo akainusa, akaonja.

Alifuta panga kwenye majani, akaokota ile chupa, akanipa.

"Mimi sijasoma," akasema. "Nisomee kilichoandikwa."

Nilisoma. Kinywaji cha asili cha ndizi.

"Na mbege wameandika wapi?"

"Haijaandikwa, mama."

Aliitikia kwa kichwa, pole pole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Ng'ombe alikuwa anatafuna. Kwa mbali, upande wa pili wa masale, muziki wa sherehe ulirudi kwa sauti ndogo.

"Ni mbege uliyoionea aibu," akauliza, "au ni mimi niliyekufundisha?"

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta na vioo usoni. Kwa swali hilo sikujiandaa. Majibu mazuri yalikuja mengi, yamepangwa vizuri, kila moja likiwa na ukweli kidogo ndani yake kama vile ulezi kidogo. Kuhusu soko. Kuhusu kanisa. Kuhusu yule kijana wa semina. Nilikuwa nimechoka nayo.

"Vyote viwili, mama," nikasema.

Alichukua chupa mkononi mwangu. Aliinamisha kichwa, akaiweka sikioni, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko ndoo yoyote niliyowahi kumwona akiisikiliza. Nilisimama pale, damu ikikauka kiganjani, na nilimwogopa kuliko nilivyoogopa njia nzima.

"Imenyamaza," akasema.

Akairudisha chini, akashika panga lake, akaendelea kumkatia ng'ombe. Hakunitazama tena mpaka nilipoaga.